Mtoto Hatulii, Anawaka, Hasikii: Pa Kuanzia Kabla ya Kushika Fimbo

Malalamiko yaliyomo humu ni yale yale yanayorudi kila wazazi wanapokaa pamoja, hapa Dodoma, iwe kwenye foleni ya kliniki Makole, kikao cha shule Nkuhungu au chini ya mbuyu kijijini Bahi. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inaanza ile inayokutwa mara nyingi, na hatua zinaanza zile zisizo na gharama. Usiruke. Wengi wetu huanzia mwisho kabisa: "ana kiburi," "karithi kwa baba yake," "kachezewa huyu." Kumbe mtoto hajalala.

Kwanza ujue unashughulika na nini. Mtoto wa miaka 5 ana ubongo unaokaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, ndiyo maana anaongea, anabishana, anakukumbusha ulichosema juzi. Ukubwa huo unatudanganya. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomwezesha mtu kujizuia, kushika agizo kichwani na kuacha jambo moja aingie jingine, nayo hukomaa mwisho kuliko zote. Huendelea kujengeka hadi mtu apite miaka 20. Amigdala, iliyo ndani zaidi na inayowasha hofu na hasira, imeanza kazi tangu uchanga. Mawasiliano kati ya hizo mbili hujengwa kwa kutumika, kama njia ya ng'ombe kwenda bwawani: inayopitwa kila siku hukaa wazi, isiyopitwa huota nyasi. Njia hiyo ikiwa bado haijatokea, mtoto hutumia utulivu wa mkubwa aliye naye. Mkubwa naye akiwaka, mtoto hana pa kushika.

"Anajitupa chini na kupiga mayowe" (mwaka 1 hadi 4)

Hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi hutokea mbele za watu: Soko la Majengo saa saba mchana, jua kali, mama ana mfuko wa nyanya mkono mmoja na mtoto anagaragara.

Sababu, kwa jinsi zinavyokutwa:

1. Usingizi, njaa, kiu au joto. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Hesabu za wako kwa siku tatu kabla ya kufika namba 2.
2. Amekatishwa ghafla. Alikuwa anacheza, umemnyanyua bila neno.
3. Hana maneno ya kusema anachotaka.
4. Amejifunza kwamba kelele hulipa. Leo amelia akapewa pipi anyamaze, kesho kwa kilio hicho hicho anachapwa. Ataendelea kujaribu bahati yake, hata wewe ungefanya hivyo.
5. Anaumwa. Sikio, malaria, jino, tumbo.

Cha kufanya wakati wa tukio ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Msogeze mbali na kitu cha kumuumiza, chuchumaa usawa wa macho yake, sema maneno machache kwa sauti ya chini: "Umekasirika. Nipo hapa." Halafu subiri. Hotuba haimfikii mtu ambaye hasira imeshapanda kichwani, na mtoto hasira yake hupanda haraka zaidi. Kitu alicholilia usimpe, lakini mtoto mwenyewe usimkimbie. Akishatulia, mkumbatie, mpe maji, endeleeni na safari. Wenye kutazama sokoni watasema; waache waseme.

Cha kufanya siku nyingine: mpe taarifa kabla. "Tukimaliza kununua vitunguu tunaondoka." Mtoto mdogo hajui dakika tano ni nini, anajua vitunguu.

Simama hapa, nenda kituo cha afya: mtoto akilia mpaka anakata pumzi, midomo inakuwa ya bluu na anazimia. Mara nyingi hali hii si ya hatari, na wakati mwingine inaendana na upungufu wa madini chuma, ila mara ya kwanza lazima aonwe na mtaalamu ili degedege na matatizo ya moyo yaondolewe kwenye orodha. Vilevile nenda ikiwa vurugu huzidi nusu saa mara kwa mara, anajiumiza kwa makusudi, au alikuwa na maneno na sasa yamepotea. Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha hata maneno mawili, kwa mfano "mama maji", naye apelekwe, asisubiriwe "ataongea tu."

"Anajua kabisa ni kosa, lakini anarudia" (miaka 3 hadi 6)

Hapa ndipo fimbo nyingi hupigwa bure. Mzazi anauliza, "Nimekukataza nini?" Mtoto anajibu bila kukosea hata neno. Dakika mbili baadaye mkono uko kwenye sukari. Mzazi anahitimisha kwamba ni dharau.

Kuna jaribio maarufu la wanasaikolojia linalotumia kadi zenye picha za rangi na maumbo. Mtoto wa miaka 3 anaambiwa azipange kwa rangi, anafanya vizuri. Kisha anaambiwa: sasa tubadilishe, panga kwa umbo. Ukimuuliza sheria mpya anaitaja. Ukimpa kadi, anaipanga kwa rangi. Wengi wa miaka 5 hubadilika bila shida. Mtoto wa miaka 3 hakuwa anamdharau mtu. Sheria ilikuwa mdomoni, mkono bado ulikuwa unafuata ya zamani.

Kwa hiyo sababu ya kwanza kwa umri huu ni uwezo wa kujizuia usiokomaa. Ya pili ni kwamba kishawishi kiko mbele yake. Ya tatu, maagizo ni mengi kwa mkupuo: "Nenda ndani, vua viatu, nawa, chukua kikombe, usimwamshe mdogo wako." Hapo kimebaki kimoja kichwani, pengine cha mwisho. Ya nne, sheria inabadilika kulingana na nani yupo. Bibi anaruhusu, baba anakataza, dada wa kazi hajaambiwa lolote. Ukaidi wa kweli upo, ila uweke wa tano.

Hatua rahisi: ondoa sukari mezani. Sidhani kama kuna aibu yoyote kwa mkubwa kupunguza majaribu badala ya kuongeza makofi. Toa agizo moja, mtoto akutazame, alirudie kwa mdomo wake. Sema afanye nini, kwa sababu "tembea" hufanyika kirahisi kuliko "usikimbie".

Hatua ya kina ni michezo, na hapa tuna utajiri ambao wengi wanaulipia hela chekechea. Kombolela inamfundisha kukaa kimya mafichoni huku mwili unataka kukimbia. Mdako unataka jicho, mkono na zamu. Gonga ndoo kama ngoma, watoto wacheze, ukinyamaza wagande. Wakizoea, geuza sheria, ngoma ikilia wagande na ikinyamaza wacheze. Hapo utaona vicheko na utaona kazi. Kibaba na kimama nao usiudharau: mtoto anayejifanya "mama" anajizuia kufanya ya kitoto mchezo mzima. Na ukimsikia anaongea peke yake, "sasa naweka hiki hapa, bado kile," usimcheke wala usimkataze. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba maneno hayo ya sauti ndiyo mtoto anayatumia kujiongoza, na baadaye huhamia ndani yakawa fikra.

"Hawezi kusubiri hata kidogo"

Miaka ya 1960 na 1970, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaweka watoto mbele ya kitu kitamu na kuwaambia: ukisubiri nirudi, utapata viwili. Waliosubiri walionekana baadaye kufanya vizuri zaidi maishani, na dunia nzima ikaanza kuhubiri subira kana kwamba mtoto huzaliwa nayo. Mwaka 2018 watafiti walirudia hesabu kwa watoto wengi zaidi, na walipoingiza hali ya familia sehemu kubwa ya tofauti ile ikayeyuka.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, mwaka 2013. Kabla ya kuwapa watoto kitamu, mtafiti aliwaahidi vifaa vizuri vya kuchorea. Kundi moja likaletewa, jingine likaambiwa "samahani, havipo." Waliotimiziwa ahadi walisubiri kitamu takriban dakika 12 kwa wastani. Waliodanganywa walisubiri kama dakika 3. Ubongo ni ule ule. Kilichobadilika ni kama mkubwa anaaminika. Utafiti mwingine, wa 2017, uliwalinganisha watoto wa miaka 4 wa wakulima wa kabila la Nso nchini Kamerun na wenzao wa Ujerumani. Karibu 70 kati ya kila 100 wa Nso walisubiri hadi mwisho, wa Ujerumani hawakufika 30. Basi tusiambiane kwamba mtoto wa Kiafrika anahitaji kiboko ili awe na subira.

Sababu ya kwanza ya kukagua, basi, ni ahadi zako. "Nikirudi nakuletea zabibu." Uliletea? Na lile la kumtoroka mtoto, unapitia mlango wa nyuma asikuone ukienda kazini Mtumba ili asilie. Kilio umekiepuka asubuhi hiyo, lakini sasa kila ukiingia chooni anakufuata, kwa sababu ameona kwamba wewe hupotea bila taarifa. Muage. Atalia. Utarudi ulivyosema, na baada ya muda kilio kitapungua chenyewe.

Sababu ya pili ni uhaba halisi. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, na miezi kabla ya mavuno vyungu vingi huwa vyepesi. Mtoto anayenyang'anyia chakula wakati huo anafanya hesabu sahihi; anza na chakula, adabu ya mezani baadaye.

"Anapiga wenzake, anang'ata"

Chini ya miaka 3, kwa kawaida ni ukosefu wa maneno. Zuia mkono, mpe neno: "Sema, 'nipe zamu yangu'." Juu ya hapo, uliza anaona wapi watu wakipigana, na jibu likiwa nyumbani, kazi inaanzia huko. Kumpiga mtoto ili aache kupiga kuna kasoro inayoonekana hata bila utafiti, na tafiti nyingi zinaonyesha watoto wanaopigwa huelekea kuwa na ukali zaidi baadaye. Fimbo inanyamazisha, hilo sibishi. Hofu ikipanda, ile sehemu ya mbele ndiyo hudhoofika kwanza, kwa hiyo somo ulilotaka liingie halipati pa kuingilia.

"Mwalimu anasema hatulii darasani" (miaka 5 hadi 10)

Nenda taratibu hapa, maana mtoto akishaitwa mtukutu jina linamganda.

*Usingizi.* Wa darasa la kwanza hadi la sita anahitaji saa 9 hadi 12. Basi la shule likipita Ihumwa saa 11 na nusu alfajiri na tuisheni ikaisha saa moja jioni, hesabu haitimii. Mtoto mwenye usingizi hasinzii kama mtu mzima. Huchangamka kupita kiasi, anaruka, anacheka ovyo.

*Njaa.* Uji asubuhi, hata bakuli dogo.

*Umri.* Tafiti za nchi kadhaa zimeona kwamba walio wadogo kuliko wote darasani ndio hupachikwa zaidi jina la ugonjwa wa kutotulia. Uliyemwahisha darasa la kwanza ili "asipoteze mwaka" analinganishwa na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima.

*Masikio na macho.* Simama nyuma yake hatua chache, taja jina lake kwa mnong'ono. Rudia siku ambayo hana mafua. Msimu wa baridi na upepo, Juni na Julai, mafua huwa mengi, na usaha sikioni ukipuuzwa mtoto huanza kusikia nusu ya anachoambiwa. Sikio linalotoa usaha linatibiwa hospitalini. Usimwage mafuta wala maziwa ndani.

*Kukoroma.* Anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi na kushtuka akitafuta pumzi, huenda ana mafindofindo makubwa au nyama za puani, na usingizi wake ni wa vipande. Daktari wa masikio, pua na koo amwone. Usimpeleke akakatwe kimeo kwa mganga: watoto hutoka damu nyingi na kupata maambukizi, na kukoroma kunabaki pale pale.

*Damu.* Upungufu wa madini chuma huathiri umakini na hasira. Pimeni. Nyumbani, acheni chai pamoja na chakula, kwa sababu hupunguza madini chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye nafaka, maharage na mboga. Badala yake toa juisi ya ubuyu. Ina vitamini C nyingi na inasaidia ufyonzaji, na Dodoma hatuna uhaba wa mibuyu. Dagaa au maini yakipatikana, vizuri zaidi.

*Mabadiliko.* Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zimehama na watoto wameacha bibi, marafiki na mtaa. Mtoto hasemi "nimemkumbuka bibi." Anachana daftari.

*Ugonjwa wa kutotulia na kukosa umakini.* Upo, unatibika, na uko mwisho wa orodha kwa sababu nzuri: dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya sehemu moja, si shuleni tu kwa mwalimu mmoja. Anayeamua ni mtaalamu wa afya. Si mwalimu, si mimi, si jirani.

Simama hapa: mtoto akiganda ghafla kwa sekunde chache, macho yanapepesa au yamekodoa, ukimwita hasikii, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Darasani huitwa "anaota ndoto za mchana" na kuchapwa. Inaweza kuwa aina ya kifafa, nacho kina dawa. Mpeleke, na ukiweza umrekodi kwa simu akiwa katika hali hiyo.

"Shuleni anasifiwa, nyumbani hakukaliki"

Hii si hitilafu kubwa. Amejizuia siku nzima, akifika kwako anaachia. Mpe chakula, maji na nusu saa ya kucheza nje kabla ya kumuuliza habari za daftari. Ikiwa ni kinyume, nyumbani mtulivu na shuleni anawaka au anagoma kwenda, fuatilia shuleni: kuonewa, kupigwa, au mtu mzima anayemwogopesha.

"Ukichukua simu, anawaka"

Simu imekuwa ndiyo kibembelezi chake, kwa hiyo hajapata nafasi ya kujituliza mwenyewe. Mwongozo ule wa 2019 wa Shirika la Afya Duniani unasema chini ya miaka 2 asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Zima vile vibonzo vinavyojiendeleza vyenyewe, mwache amalize kimoja, kisha simu iondoke machoni. Wiki ya kwanza kutakuwa na vita. Na baba naye aweke yake chini wakati wa kula, vinginevyo tunachezeana.

"Kijana wangu haambiliki" (miaka 12 hadi 18)

Balehe huongeza kasi ya kutafuta msisimko, wakati sehemu ya kujizuia bado inajengwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipocheza mbele ya wenzao walihatarisha zaidi kuliko walipocheza peke yao; watu wazima karibu hawakubadilika. Ndiyo maana yule anayekuelewa vizuri jikoni, jioni unamkuta kwenye bodaboda, mshikaki wa watu watatu, hakuna hata kofia moja.

Kagua kwanza usingizi, kwani balehe husogeza mbele saa ya usingizi na shule haijasogea. Pili, yuko na nani na wapi, na kazi hapa ni kubana mazingira: saa ya kurudi, nani anamrudisha, fedha za kubeti zinatoka wapi. Tatu, namna mnavyoongea. Kumsema mbele ya wadogo zake humfanya alinde heshima yake badala ya kukusikia. Mwite pembeni, siku nyingine, mkiwa na kazi ya mikono.

Simama hapa, nenda kituo cha afya leo leo: akisema hataki kuishi, akijikata, akibadilika ghafla asile wala asilale, akisikia sauti zisizokuwepo, au ukikuta dalili za dawa za kulevya. Usimwache peke yake, ficha sumu za panya na za shamba.

"Huyu hana shida, mpole mno"

Wazazi humtaja huyu kwa fahari, na ndiye anayenitia wasiwasi kuliko anayegaragara sokoni. Wapo wapole kwa asili. Lakini mtoto aliyekuwa anacheka akanyamaza, anashtuka mkono ukiinuliwa, anakojoa kitandani upya baada ya kuacha, au hataki kabisa kubaki na ndugu fulani, huenda ametishwa. Usimhoji mbele ya watu, wala usimwambie "sema ukweli." Sikiliza, mwamini, kisha piga 116, namba ya taifa ya msaada kwa mtoto, au nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Ikiwa kuna dalili za kuingiliwa, hospitali kwanza, bila kumwogesha wala kufua nguo zake. Fikeni ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia VVU zifanye kazi.

Ukishaamua kwenda hospitali

Anza zahanati au kituo cha afya, wao wataandika rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ukielekezwa Mirembe, nenda. Najua jinsi jina hilo linavyotumiwa mitaani kumtania mtu, lakini ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ina kliniki ya wagonjwa wa nje, na mtoto hurudi nyumbani siku hiyo hiyo kama wengine. Beba kadi ya kliniki, daftari la shule na karatasi uliyoandika kwa wiki moja: tukio lilianza saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, lilichukua muda gani, usiku ule alilala saa ngapi, alikula nini. Andika pia dawa zote alizopewa, za kienyeji zikiwemo. Daktari hatakugombeza kwa hizo, na akizijua anaweza kuepuka kumpa kitu kitakachogongana nazo.